Chunguza Kabla ya Kununua, Chunguza Kabla ya Kulaumu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. 

Mwezi huu nimekusudia kuandika juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkastaajabu kulikuta katika ukurasa huu, nalo ni kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumiwa na watu wengine, ile tuiitayo ya mtumba. Msomaji asiseme, "Mwalimu wa chuo ana nini na mashine?" Siku hizi mashine hizi zimo majumbani mwetu, maskulini, na hata vyuoni mwetu, na aghlabu hununuliwa kwa fedha ya shida. Na kila penye kununua na kuuza, na kila penye kuharibika na kulaumiana, hapo dini yetu ina neno la kusema. Nami naandika kwa kuwa mashine moja kuukuu ilinitia katika makosa mawili, na sipendi ndugu yangu aingie humo nilimoingia.

Chuo chetu kilikuwa na haja ya mashine ya kupigia chapa karatasi za mitihani, na kuandikia majina ya wanafunzi, na barua za wazee wao. Wazazi walichanga kidogo kidogo hata zikapatikana shilingi 220,000, nami ndiye niliyepewa amana ya kwenda kununua. Nalifika dukani nikaonyeshwa kompyuta ambayo kasha lake limepanguswa likang'ara, na mbele yake kimebandikwa kikaratasi kisemacho kuwa prosesa yake, yaani ule ubongo wake, ni Core i5. Muuzaji akaniambia kuwa kumbukumbu yake ni gigabaiti 8. Ikawashwa, ikawaka, ikatoa picha nzuri ya milima. Nami nalitazama ile picha, nikatoa fedha, nikachukua mashine nikaenda zangu. Sikuuliza ina umri gani, sikuuliza ilitoka wapi, wala sikuomba ifunguliwe nione ndani. Kuku wa sokoni twamshika tukampapasa kifua kabla ya kumlipia; mashine ya fedha ya watu sikuipapasa.

Kazi ya kupiga chapa nalimkabidhi kijana mmoja wa miaka 16, mwanafunzi wetu, aliyejifunza mashine hizi skulini kwake. Alikuwa akija baada ya swala ya alasiri, akifanya kazi yake kwa adabu, kisha akifunga mlango na kuniletea ufunguo. Wiki tatu zikapita katika hali hiyo. Siku moja naliingia chumbani nikamkuta amesimama mbele ya mashine, uso umemshuka. Feni ya ndani ilikuwa ikizunguka, kioo ni cheusi kitupu, na tumboni mwa kasha watoka mlio mrefu, wanyamaza, warudi tena. Nikamwuliza, "Umefanya nini?" Akasema, "Maalim, nimebonyeza kitufe cha kuwashia tu." Sikumwamini. Nalimwambia mbele ya wenziwe kwamba ameiharibu kwa michezo aliyoitia humo, na kwamba asiiguse tena. Akatoka bila ya kujibu neno.

Kesho yake, baada ya magharibi, mama yake alikuja mlangoni kwangu. Ni mjane, na riziki yake ni maandazi auzayo asubuhi. Akanisalimu, akafungua pindo la kanga yake, akatoa shilingi 15,000 zilizokunjwa, akasema, "Maalim, mimi mashine sizijui. Mwanangu asema hakufanya, na watu wasema amefanya. Pokea hizi, na nyingine nitaleta kila Ijumaa mpaka deni liishe, lakini mtoto asikatishwe masomo yake."

Wasomaji, fedha zile sikuzipokea, walakini msinidhanie wema nisiokuwa nao. Sikuzipokea kwa sababu gharama ilikuwa haijajulikana bado. Nalimwambia angoje fundi aje aitazame, ndipo tutakapojua. Nikamwacha mama wa watu arudi kwake usiku ule na mzigo wake moyoni.

Fundi alikuja baada ya siku mbili, naye ni kijana aliyesoma kwetu zamani. Hakushika kitu mpaka alipouliza: ilizimika vipi, ilisogezwa lini, mvua ilinyesha, umeme ulikatika? Kisha akausikiliza ule mlio, akasema, "Maalim, mashine hii yasema. Yasema kwamba haioni kumbukumbu yake." Akachomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wa kasha, na ndani mkatoka vumbi la miaka. Akakichomoa kibao chembamba, kirefu kama rula fupi, ambacho ndicho kumbukumbu, na mafundi hukiita ramu. Akayasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli cha mtoto wa chuo, akapangusa, akakirudisha mahali pake mpaka ndimi mbili za pembeni zikafunga. Akawasha. Mashine ikalia mara moja kwa ufupi, ikawaka. Kazi yote haikuzidi dakika kumi.

Akanieleza kwamba hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, nayo hula meno yale polepole yakafanya utando usiopitisha umeme. Ikiwa kibao hakikukaa sawa tangu mwanzo, siku moja hukosa kugusana, mashine ikapofuka. Yeyote angeliiwasha siku ile, hata mimi mwenyewe, ingelilia vile vile.

Na hayo hayakuwa yote. Mashine ilipowaka ilisema kuwa siku ile ni ya mwezi wa Januari mwaka 2008. Fundi akasema betri yake ndogo imekufa. Kisha akaiuliza mashine yenyewe sifa zake, nayo ikajibu kuwa prosesa yake ni Core 2 Duo, na kumbukumbu yake ni gigabaiti 2. Core 2 Duo ni kizazi kilichoanza kutoka mwaka 2006, kabla ya Core i5 kuzaliwa mwaka 2009. Kile kikaratasi cha mbele kilikuwa kimebandikwa baadaye.

Basi kasoro zilikuwa tatu: vumbi, betri na uongo wa karatasi. Katika tatu hizo, hapana hata moja iliyotoka mkononi mwa yule mtoto. Na ile ya tatu ilipita mbele ya macho yangu mimi niliyepewa amana.

Ndugu zangu, katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu atuamrisha tuichunguze habari ituijiayo, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukabaki na majuto. Na katika aya ya 12 ya sura hiyo hiyo atukataza kufuata dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Aya hizi nimezisomesha miaka mingi, na watoto wamezihifadhi mbele yangu. Lakini siku mashine ilipolia, mimi nalikuwa na habari moja tu, nayo ni kwamba mtoto alikuwako pale. Na kuwako mahali si ushahidi wa kosa.

Sasa nitawaeleza, kwa kadiri nilivyofunzwa na fundi yule na nilivyojifunza baadaye, namna ya kuitambua mashine kabla ya kuinunua, na namna ya kuitafutia ugonjwa wake kabla ya kumlaumu mtu.

Kwanza, usisome kikaratasi cha mbele; soma cha kiwandani. Mashine za ofisi, ambazo ndizo nyingi katika mitumba, zina karatasi ya kiwanda nyuma, ubavuni au juu. Katika mashine za Dell kuna alama ya herufi na tarakimu 7. Ukiiandika alama hiyo katika ukurasa wa kiwanda kwenye intaneti, waelezwa mashine ilitoka kiwandani na vitu gani. Za HP zina namba ya bidhaa na namba yake pekee, na za Lenovo zina namba ya aina. Ikiwa karatasi hiyo imebanduliwa, uliza kwa nini.

Pili, iulize mashine yenyewe. Ikiwa inatumia Windows, shikilia kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Utaona jina la mashine, prosesa yake, na kiasi cha kumbukumbu. Ikiwa haina programu yoyote, ingia katika bayosi, yaani ule ukumbi wa ndani unaotangulia programu zote: mara tu uwashapo, gonga F2 kwa Dell nyingi, F10 kwa HP, na F1 kwa Lenovo. Hapo kikaratasi hakina nguvu ya kusema uongo.

Tatu, jua kusoma namba ya prosesa. Kusema "ni Core i5" peke yake hakutoshi, kama ambavyo kusema "ni Juma" hakutoshi mjini penye akina Juma wengi. Tazama tarakimu zinazofuata. i5-2400 ni ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011. I5-6500 ni ya kizazi cha sita, ya mwaka 2015. I5-8500 ni ya kizazi cha nane, ya mwaka 2018. Zote ni i5, na baina ya ya kwanza na ya mwisho iko miaka 7. Muuzaji asiyeijua tarakimu hiyo na ajifunze, na anunuaye asiijue na aulize.

Nne, kabla hujachomeka mashine iliyotoka ng'ambo, tazama nyuma ya sanduku lake la umeme. Baadhi ya mashine za zamani zina kiswichi kidogo chekundu kilichoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Marekani umeme wa majumbani ni kiasi cha volti 120, na kwetu Afrika Mashariki ni volti 230 hadi 240. Kiswichi kikiwa kwenye 115 nawe ukachomeka kwenye umeme wetu, sanduku lile hupasuka kwa kishindo, na watu wote nyumbani wakamtazama yule aliyechomeka.

Tano, omba ifunguliwe. Juu ya ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi, kuna vitu vidogo vya mviringo mfano wa vipipa. Hivyo ni kapasita. Vichwa vyake viwe bapa. Vikiwa vimevimba, au vimetoa maji ya rangi ya kahawia, ujue ubao ule uko njiani kufa. Kasoro hii iliziingia mashine nyingi sana zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, za viwanda mbalimbali. Tazama pia feni kama inazunguka bila ya kukwaruza.

Sita, uliza umri wa diski, yaani pale kazi zote zinapotunzwa. Diski huandika ndani yake hesabu ya saa ilizofanya kazi, na iko programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo inayoisoma hesabu hiyo na hali yake. Saa 20,000 ni zaidi ya miaka miwili ya kuzunguka usiku na mchana. Ukiona pia kwamba imekwisha kuhamisha sehemu zake mbovu, au ukaisikia ikigonga tik-tik-tik, usiiamini kwa kazi yako.

Saba, usiridhike kwa kuiona inawaka. Iache ifanye kazi nusu saa, izime, kisha iwashe tena. Mashine zenye ugonjwa wa joto huficha ugonjwa wao katika dakika za mwanzo.

Na ikiwa mashine iko nyumbani tayari na imekataa kazi, kanuni ni hii: anza nje kabla ya ndani, anza kwa kilicho rahisi kabla ya kilicho ghali, na badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, upate kujua kilichoponya.

Ikiwa ni kimya kabisa, haina taa wala feni, usiseme imekufa. Jaribu tundu jingine la umeme, jaribu waya mwingine, tazama swichi ya nyuma. Yakishindwa hayo, huenda ni sanduku la umeme, nalo hubadilishwa zima zima. Wala mtu asilifungue, kwani ndani yake hubaki umeme hata baada ya kuchomolewa, nao waweza kumdhuru mtu.

Ikiwa feni yazunguka na kioo ni cheusi, hakikisha kwanza waya wa kioo haukulegea, na kioo chenyewe kimewashwa. Kisha sikiliza. Mlio mrefu unaorudiarudia ni, katika mashine nyingi, lalamiko la kumbukumbu. Mashine za ofisi za HP Compaq za zama zile, kama dc7800 na dc7900, hulia mara tano na taa yao nyekundu humeta mara tano, zikatua, zikarudia. Hiyo nayo ni kumbukumbu. Zikilia na kumeta mara mbili, hilo ni joto la prosesa. Dawa ya kwanza ya kumbukumbu ni ile ya kifutio niliyoisimulia. Kama vibao ni viwili, weka kimoja kimoja ujue kipi kibovu. Na ukitaka kununua kingine, jua aina yake: kibao cha DDR2 hakiingii mahali pa DDR3, kwani pengo lao haliko pamoja, na mwenye kulazimisha huvunja.

Ikiwa mashine hupotewa na tarehe kila inapozimwa, ni ile betri ya mfano wa sarafu iliyo juu ya ubao. Jina lake ni CR2032, kwa sababu upana wake ni milimita 20 na unene wake ni milimita 3.2. Kasoro hii ni ndogo, walakini huzaa nyingine inayowababaisha wengi. Kurasa za intaneti huwa na hati ya uaminifu yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Mashine idhaniyo kuwa huu ni mwaka 2008 huona hati zile hazijaanza, ikakataa kufungua na kutoa onyo. Mtu akadhani intaneti imeharibika au ameingiliwa na wezi, kumbe ni betri tu.

Ikiwa huzimika yenyewe baada ya muda, mara nyingi ni joto. Safisha vumbi kwenye feni, na fundi apake upya ile dawa nyeupe au ya kijivu iliyo baina ya prosesa na chuma chake, kwani hukauka kwa miaka.

Na kabla ya kutia mkono ndani, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja au mbili ili mabaki ya umeme yatoke, kisha gusa chuma cha kasha, kwa kuwa umeme mdogo wa mwilini mwako, usiouhisi, waweza kuua kibao. Kazi hii yawafaa wanetu wa kike kama inavyowafaa wa kiume. Na nyumba yenye mtoto mmoja aijuaye imepunguza gharama nyingi.

Liko na jambo la programu. Windows 7 iliachwa na kiwanda chake tarehe 14 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa prosesa za Intel, hutaka kwa jumla kizazi cha nane na kuendelea. Kwa hiyo mashine nyingi za mtumba haziipati kwa njia ya haki, na baadhi ya mafundi huwavunjia watu kufuli yake. Haya si katika uaminifu, ilhali iko njia ya halali na ya bure, nayo ni programu kama Linux Mint, iliyotolewa na wenyewe ili watu waitumie. Huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2, na bora ni 4. Kwa kuandika, kuchapisha na kusoma, yatosha.

Tena, ukiikuta diski ina picha na barua za wenyewe wa kwanza, usizifungue. Aya ile ile ya 12 iliyokataza dhana imekataza na kupeleleza. Vifute vyote, wala usiite watoto waje watazame. Nawe uuzapo mashine yako, jua kuwa kutupa picha katika kapu la takataka na kulimwaga hakuzifuti. Mwenye ujuzi huzirudisha. Mpe fundi mwaminifu aifute diski yote kabla haijatoka nyumbani, kwani humo mna sitara ya mke wako na binti zako.

Sasa nirudi kwa muuzaji. Asubuhi baada ya fundi kuondoka, nalimwendea sheikh wetu mmoja, nikamweleza. Akanikumbusha yale tuliyosoma: kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya chakula, vidole vyake vikakuta unyevu chini, akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone, na akasema kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Akanieleza pia kwamba katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mnunuzi akigundua kasoro ya tangu kwa muuzaji ana hiari ya kurudisha, lakini asikawie na asiendelee kukitumia kitu. Akikawia bila ya udhuru, hiari yake hupotea. Na muuzaji kusema "nimekuuzia kama kilivyo" hakumwokoi na kasoro aliyoijua akaificha. Mwenye jambo kama hili asijitolee hukumu mwenyewe. Awaulize wanavyuoni wa kwao.

Nalikwenda dukani siku ile ile na mashine yangu. Njiani nafsi ikawa yaniambia, "Yule ni mwizi, kamwaibishe mbele ya wateja wake." Nikakumbuka kwamba juzi tu nalimwaibisha mtu mbele ya watu. Basi nalimwita kando, nikamwonyesha, nikamwuliza. Akasema mwanzo kuwa bidhaa ikiisha kuuzwa hairudi. Nikamwambia sikuuziwa bidhaa hii. Naliuziwa i5, nayo hii si i5. Akanyamaza, kisha akaapa kuwa yeye mwenyewe aliipokea kutoka kwa mwuza jumla ikiwa na karatasi ile, na hakuifungua. Ni kweli, si kweli, hilo ni baina yake na Mola wake. Lakini nalimwambia, "Ndugu yangu, wewe hukufungua, na mimi sikufungua, na fedha ni za wazazi." Tukaivunja ile bei ya kwanza, akanirudishia fedha zangu zote. Kisha tukafanya bei mpya, akaniuzia mashine ile ile kwa jina lake la kweli kwa shilingi 130,000. Shilingi 90,000 zikarudi kwa wazazi, zikatolewa humo betri na kibao cha kumbukumbu, na kilichobaki kikasomwa mbele yao.

Nawaambia ndugu zetu wafanya biashara wa mashine hizi: andikeni juu ya kila mashine prosesa yake kwa namba kamili, kumbukumbu yake, umri wa diski yake, na kasoro mliyoijua. Mtume wetu ametufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika bei yao, na wakificha baraka hufutwa. Mteja aliyeambiwa kasoro akanunua hurudi mara ya pili kununua. Aliyefichwa hurudi kugombana.

Limebaki la yule mtoto. Kosa nililolifanya mbele ya watu sikuweza kulisahihisha chumbani. Ijumaa iliyofuata, wanafunzi wote wakiwa wameketi, nalisimama nikaeleza kilichoharibika, nikakionyesha kile kibao na kile kifutio, nikasema kuwa mwenzao hakufanya kosa, na kwamba mimi nalimdhulumu, nami namwomba anisamehe mbele yao. Akasema, "Nimekusamehe, Maalim," kwa sauti ndogo. Kisha nalikwenda kwa mama yake. Yeye hakutaka maneno mengi. Alinikaribisha chai, akashukuru kwamba jina la mwanawe limesafika.

Kijana aliendelea na masomo yake, walakini mashine hakuigusa. Kila nilipomwita alikuwa na udhuru. Hata mwezi ukapita, ndipo siku moja nalimkuta ameketi mbele yake, amefungua ubavu, anamwonyesha mdogo wake mahali pa betri. Sikusema neno. Nalirudi nyuma nikauvuta mlango polepole.

Basi, enyi wazazi na walimu wenzangu, kitu kikiharibika nyumbani, glasi, simu, redio au mashine, tusianze kwa kuuliza "Nani?" Tuanze kwa kuuliza "Nini?" Aghlabu jibu la "nini" hutuondolea haja ya kuuliza "nani". Kifutio cha penseli kiliiponya mashine kwa dakika kumi. Yule mtoto alihitaji zaidi ya mwezi mzima.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe dhulma zetu kwa watoto wetu, tuzijuazo na tusizozijua, na atujaalie ukweli katika kuuza na kununua kwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.